Deni la nyumba la miaka 15 tulilimaliza kwa saba na nusu, wifi akaninunia

UKINIKUTA jioni pale Magogoni nasubiri pantoni, kikapu mkononi, viatu vya ofisini nimevivua na kuvaa ndala, utasema huyu mama maisha yamempiga. Sikatai. Lakini nyumba ninayokwenda kulala ng'ambo ya pili, vyumba vitatu na kibaraza, haidaiwi na mtu hata senti tano. Tulikopa tulipe hadi Desemba 2030. Tulimaliza Juni 2023.

Nawasimulia kwa sababu siku hizi kila nikikaa na wadogo zangu wa pale kazini habari ni hiyo hiyo, mkopo wa nyumba. Na kila mmoja ana swali moja tu: "Dada, kwa mwezi wanakata ngapi?" Mwenzenu nami niliuliza hilo hilo. Nikajibiwa, nikaridhika, nikatia saini. Hapo ndipo pa kunicheka.

Sisi watoto wa Dar tumekua tukijua nyumba ni tofali kwa tofali. Baba yangu ya kwake aliijenga kwa miaka 11, mwaka huu msingi, mwaka kesho kutwa lenta. Benki ya Nyumba ilikuwepo enzi zao, ikafilisika mwaka 1995, na baada ya hapo mtu wa mshahara ukitaka nyumba ujue wewe na saruji yako. Mpaka ilipokuja sheria ya mikopo ya nyumba ya mwaka 2008, kisha mwaka 2010 ikaundwa TMRC, kampuni inayozipa benki hela za muda mrefu ili nazo ziweze kutukopesha kwa muda mrefu. Ndiyo tukaanza kusikia miaka 15, miaka 20. Tukaona tumefika Ulaya.

Nyumba yetu ya Kigamboni ilikuwa milioni 75. Tulikuwa na milioni 15 za kiwanja alichouza mume wangu na akiba zangu za ukatibu muhtasi. Mzee mwenyewe ni mwendesha mitambo bandarini, mshahara wake si haba. Benki ikatupa milioni 60, riba asilimia 17 kwa mwaka, miaka 15. Makato kwa mwezi sh. 923,400.

Sheria inasema nyumba ya familia haiwekwi rehani bila mwenzi kuridhia, kwa hiyo nami niliitwa. Mkataba kurasa ishirini na ushee, kimombo kitupu. Kijana wa benki, tai yake imenyooka kama rula, ananionyesha kwa kidole: hapa, na hapa, na hapa. Nilisaini kama mtu anayesaini kitabu cha rambirambi msibani. Hata sikukaa.

Mwaka 2016 ulikuwa mtamu bwana. Daraja lilifunguliwa Aprili, kila mtu akaiona Kigamboni ni mjini. Nilinunua mapazia. Nilialika ndugu. Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, alikaa kwenye kibaraza changu akasema, "Wifi, umeukata."

Januari 2017 nikapita benki kwa shida nyingine kabisa, nikamwambia dada wa dirishani anitolee taarifa ya mkopo nione tumebakiza ngapi. Akilini nilishajipigia hesabu: tumelipa miezi 12, ni kama milioni 11, basi zimebaki kama 49.

Karatasi ikatoka. Salio: sh. 59,047,000.

Nikamwambia dada umekosea, hii ya mtu mwingine. Akaangalia jina, akaangalia namba, akanirudishia. "Ni yenu, dada." Nikahisi jasho mgongoni na kiyoyozi kinapuliza.

Yule dada Mungu ambariki, maana hakunifukuza. Alichukua kalamu akaniandikia nyuma ya karatasi hesabu ambayo hata mtoto wa darasa la saba anaiweza. Milioni 60 mara asilimia 17, gawa kwa 12: ni sh. 850,000. Hiyo ndiyo riba ya mwezi wa kwanza. Wewe umelipa 923,400. Kwa hiyo kilichokwenda kupunguza deni lenyewe ni sh. 73,400. Mwezi wa pili riba inapigwa kwenye kilichobaki, inashuka kidogo mno, na kadhalika. Mwaka mzima tulitoa zaidi ya milioni 11, deni likashuka laki tisa na nusu. Nyingine zote zilikuwa kodi ya hela.

"Na tukiendelea hivi hivi?" nikamuuliza.

"Mtamaliza 2030. Mtakuwa mmelipa milioni 166."

Kwa nyumba ya milioni 75! Nilipanda pantoni siku ile sikumbuki nani alikaa pembeni yangu.

Sasa kumwambia mwanaume. Sisi tulikuwa na akiba yetu pembeni, laki tatu kila mwezi, ya gari. Mtumba wa Japani. Mume wangu alishachagua mpaka rangi, simu yake imejaa picha za magari kuliko za wanawe. Na hapo majirani wote wawili wana magari, asubuhi wanapiga honi wakitupita tunatembea kwenda kituoni. Nikamwekea chakula, nikamwacha ale, nikatoa karatasi.

Alisoma, akanyamaza. Kisha akasema, "Kwa hiyo unatakaje?"

"Laki tatu ya gari iende kwenye nyumba."

"Mama Neema, unataka kunitia wazimu? Wanatukamua, halafu sisi tuwaongezee?"

Tulilala mzungu wa nne.

Hakuwa peke yake. Kazini kwake wajuzi walimwambia mkeo hajui biashara, hela kama hiyo nunueni viwanja, wekeni hatifungani za Serikali, na isitoshe shilingi inachakaa, hiyo laki tisa ikifika 2030 itakuwa hela ya mboga. Maneno yao si ya kipuuzi. Walionunua viwanja Kibada miaka ile wengine leo wanatutambia. Lakini mimi nilijiuliza jambo moja: ni biashara gani nitakayoifanya mimi, nikitoka kazini saa 11, itakayonipa asilimia 17 kila mwaka bila kukosa, bila mteja kukimbia, bila mgambo? Sikuiona. Deni lilikuwa linakula asilimia 17 bila kukosa. Kila shilingi niliyolipunguza ilikuwa inaniokolea hizo 17.

Tukakubaliana miezi sita ya majaribio. Mimi nikaunda mchezo na wenzangu, watu sita, kila mmoja laki tatu kwa mwezi, nikaomba niwe wa mwisho. Wengi wanapigania namba moja, mimi nataka namba sita. Sababu ni kwamba hela ikikaa nyumbani kwangu inapata miguu. Ikiwa mikononi mwa wanawake watano wenye midomo, siwezi kuichomoa hata nikitaka. Ilipofika Juni 2017 nikapokea milioni 1.8, nikachanganya na laki mbili za keki ninazooka Jumamosi, ikawa milioni mbili.

Hapa sikilizeni vizuri, maana watu wengi huliwa hapa. Nilikwenda nikaweka zile hela kwenye akaunti ya mkopo, nikarudi nyumbani nimevimba kichwa. Wiki iliyofuata nikaomba taarifa. Deni lile lile! Dada akaniambia hela ipo, inasubiri makato ya Julai na Agosti. Yaani mashine ilidhani nimelipa mapema makato ya kawaida. Kumbe unatakiwa uandike barua: hela hii ni ya kupunguza deni lenyewe, makato yabaki pale pale, muda ndio upungue. Usipoeleza, wengine watakupunguzia makato ya mwezi muda ubaki ule ule. Utafurahi kwa mwezi, lakini riba utaila mpaka mwisho. Na usome mkataba kuhusu ada. Wa kwetu ulikuwa na ada mtu akihamisha mkopo kwenda benki nyingine, akilipa kwa jasho lake hakuna. Wa kwako huenda si hivyo. Uliza kabla hujasaini, kaa kwenye kiti, usiwe kama mimi.

Barua niliiandika mwenyewe, ndiyo kazi yangu hiyo. Nikaomba na jedwali lote la marejesho, mistari 180, nikaliunganisha kwa gundi nikalibandika nyuma ya mlango wa jikoni. Kila makato yakienda nafuta mstari mmoja juu. Siku barua ilipojibiwa, yule dada akanipigia hesabu mpya, nikashika kalamu nyekundu nikaanza kufuta kutoka chini. Mmoja, miwili, mitano, kumi. Mume wangu amesimama mlangoni na mswaki mdomoni.

"We, unafuta nini?"

"Milioni mbili zimefuta 18."

Makato 18 ya mwishoni, zaidi ya milioni 16, yameondoka kwa milioni mbili. Akaja akahesabu mwenyewe kwa kidole. Tangu siku ile gari halikutajwa tena ndani ya nyumba yangu. Zile picha kwenye simu sijui alizifuta lini.

Msidhani ni raha. Mwaka huo huo wa 2017 wifi yangu akapata mchumba. Kamati ikaketi, kadi za michango zikatembea, sendofu na harusi, na sisi watu wa Kigamboni "wenye nyumba" tukaandikiwa laki tano, kila kadi. Ilikuwa Novemba. Nilimwambia mume wangu tutoe laki moja moja. Ni mdogo wake wa damu, aliyemlipia ada ya sekondari. Alinitazama vibaya, lakini alitoa. Kwenye ukumbi tulipangiwa meza ya karibu na jikoni, na wifi alipopita kulisha watu keki sisi akaturuka. Keki yenyewe nilijitolea kuoka, wakasema wamepata mtu wa maana zaidi. Kwa ukoo mzima nikawa mke mwenye roho mbaya, aliyemfunga kaka yao kamba ya pua. Desemba tukapeleka milioni mbili nyingine. Nikafuta mistari yangu, lakini siku hiyo mume wangu hakuja kuangalia.

Kisha Juni 2018. Nimepokea mchezo Jumatatu. Jumatano usiku simu inalia kutoka Muheza: mama mkwe ameanguka shambani kwenye michungwa, nyonga imevunjika, wanamleta Dar.

Nawaambia ukweli ambao sijawahi kumwambia mtu pale nyumbani. Kabla sijauliza mgonjwa anaendeleaje, nilishapiga hesabu. Milioni mbili, mistari 10. Nilikaa kitandani gizani natafuta njia: tukakope kwa fulani, mashemeji wachange, si wako wengi? Bima ya mume wangu haikugusa wazazi. Nilimsikia anapumua pembeni, naye hajalala, naye anajua hela iko wapi, ndani ya kopo la unga. Hakuniomba. Nadhani alikuwa anasubiri aone ameoa mtu gani.

Mimi nilikuwa nasubiri hivyo hivyo. Saa tisa na nusu nikanyanyuka, nikalitoa kopo, nikaliweka upande wake.

Zilikwenda zote: vipimo, chuma cha kumwekea, dawa, na nauli za watu waliokuja kumwona mgonjwa na mikono mitupu. Akafanyiwa upasuaji pale MOI Muhimbili, akaletwa kwangu, akakaa miezi minne anatembelea fremu. Asubuhi anakaa jikoni anachambua mchele, anaangalia ule mlango. Siku moja akaniuliza, "Mwanangu, haya makaratasi ni hirizi?" Nikamweleza. Hajui kusoma sana, lakini shamba la machungwa amelikodisha na kulikomboa mara nyingi, riba anaijua kuliko mimi. Akaniuliza, "Na hela ya nyonga yangu ilikuwa mistari mingapi?" Nikasema sikumbuki, mama. Akasema, "Unakumbuka."

Alimwambia nini binti yake sijui. Wifi alikuja kumwona mama yake Jumapili moja, akanikuta nasukuma unga, akavua hereni akanawa mikono akaanza kukata visheti. Hatukuongea la harusi. Mpaka leo hatujaliongea. Bado ananiita "mwenye nyumba", na mimi sijui kama ni utani.

Baadaye tuliendelea kwa mwendo wa kinyonga. Desemba 2018 milioni mbili na nusu, 2019 mbili na nusu tena kisha tatu, maana mzee alikuwa anachukua zamu za usiku. Mwaka 2020 korona ikatupiga mahali tusipopategemea. Wawili kwenye mchezo wetu waume zao walikuwa hoteli za kitalii, wakaachishwa kazi, nao walikuwa wameshapokea zamu zao. Mimi wa namba sita, mjanja, nikaambulia kilichobaki. Keki nani ale, sherehe hakuna. Juni ile tulipeleka milioni moja, na kuipata nilifungua mpaka kibubu cha Neema. Nilimrudishia baadaye, na faida akadai.

Mtaniuliza kama sikuwahi kujuta. Nilijuta kila msimu wa mvua. Mume wangu anatoka zamu ya usiku, anavuka na pantoni, anatembea matope hadi mlangoni amelowa mpaka kwenye kitambulisho, na jirani anarudisha gari lake ndani. Wanangu hawajui Mikumi wala Zanzibar. Kuna mwaka tulikula maharage mpaka mdogo akauliza kama nyama imepigwa marufuku na Serikali. Kuna rafiki zangu wawili niliwapoteza kwa sababu ya kadi za michango, nao sasa sina namba zao.

Ila hesabu ndiyo hiyo, niliiandika chini ya jedwali mwenyewe. Tulipeleka hela za ziada mara 11, jumla milioni 27 na nusu. Zikafuta makato 90, ambayo yangekuwa milioni 83. Juni 2023 makato ya 90 yalipokatwa yakabaki mabaki ya laki mbili na kidogo, nikatembea kwa miguu kutoka ofisini nikayalipa dirishani. Yule dada wa kwanza alishahamishwa tawi. Aliyekuwepo alinipa risiti bila hata kunitazama, akaita, "Anayefuata!"

Julai tarehe 25 mume wangu akanipigia simu yuko kazini, sauti ya mtu aliyefanya kosa. "Mama Neema, mshahara umeingia wote. Tuwapigie?" Nikamwambia usimpigie mtu yeyote.

Hati haitoki siku hiyo hiyo, mjue. Benki inaandika waraka wa kuifuta rehani, unakwenda kusajiliwa kwa Msajili wa Hati, ndipo unapewa yako. Sisi tulifuatilia kama miezi miwili, njoo kesho, njoo Ijumaa. Siku ilipotoka alikwenda yeye kuichukua baada ya zamu. Nilimsubiri upande wa Kigamboni kwa sababu nilijua hataniambia amefika.

Pantoni ikatua, watu wakamwagika, wauza samaki, baiskeli, wanafunzi. Kulikuwa na manyunyu. Yeye alikuja mwishoni kabisa, mkono mmoja ameushika tumboni, nikadhani anaumwa. Bahasha alikuwa ameiweka ndani ya shati, juu yake singlendi, juu yake tena koti la kazi la plastiki lenye joto la jehanamu. Jamaa mmoja alimpisha akae, akakataa, alisimama njia nzima kuogopa isikunjike.

"Iko kavu?" nikamuuliza.

Akafungua kifungo kimoja akanionyesha ncha.